Mafiga ya Magokoro

Jumapili, 2 Machi

Leo mama ameleta mtu wa kuchora bustani. Sikujua bustani huchorwa kabla ya kupandwa, kama ramani ya jiografia. Anaitwa Reena, ni msanifu wa mandhari, na baba yake ndiye Ishwar wa duka la vitambaa mjini Kisii. Tulipomwona akishuka kwenye gari na viatu vyake vya mpira, Duke, kaka yangu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu leo tutaongea Kizungu mpaka ulimi ukauke." Reena akafika mlangoni, akatusalimu, "Bwakire!" kisha akamuuliza baba habari za majani chai na mvua kwa Ekegusii safi kuliko cha Duke. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Wageni wa Damaris wanakuja mwezi wa Juni. Damaris ni dada yetu mkubwa, muuguzi, na watu wa mchumba wake watakuja kuongea mambo ya mahari. Mama anataka wakute nyasi, maua na mahali pa kuketi, si matope na migomba.

Reena alituketisha sebuleni akasema hivi ndivyo anavyofanya kazi: kila mtu wa nyumba amwambie kitu kimoja tu anachokitaka bustanini. Baba akasema kibanda cha kupumzikia chenye paa la nyasi. Mama akasema ukoka, "uwe sawasawa kama zulia." Duke akasema goli la mpira wa kikapu. Damaris, kwa simu, akasema waridi.

"Na wewe?" akaniuliza.

Watu wote wakanitazama. Nikatazama zulia.

"Sina," nikasema.

"Huna?"

"Huyo hana neno," mama akasema. "Mpe kitabu, msahau."

Reena akasema sawa, ataniachia nafasi.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani tunaongea Ekegusii na Duke anaongea Sheng. Hakuna atakayejisumbua kusoma Kiswahili changu. Humu naweza kusema nilichotaka kusema: nataka jiko la magokoro libaki.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nimerudi shuleni soksi zimelowa.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze jiko, nisije nikasahau.

Magokoro ni nyanya yangu, mama yake baba. Alifariki mwaka juzi. Jiko lake lipo nyuma ya nyumba kubwa, kuta za udongo, mabati yaliyogeuka rangi ya chai. Mama alipojengewa jiko lake lenye sinki na vigae, magokoro hakuhama. Alisema vigae vinamtelezesha. Akabaki na mafiga yake matatu, paka wake, na mimi.

Nilikuwa nikitoka shule naingia kwake moja kwa moja. Nilifanyia hesabu pale, kwenye kigoda, macho yakitoka machozi kwa moshi. Alikuwa hawezi kuona mtu akijaza kuni motoni. Angeinama, achomoe moja, aizime kwenye jivu na kusema, "Kuni nyingi ni za mtu aliye na haraka. Wewe unakwenda wapi?" Jivu alilimwaga nyuma ya ukuta, na hapo chinsaga, mboga yetu chungu ya majani, ikamea bila kupandwa, ndefu kunipita. Aliivuna kwa kucha, ncha tu, hakung'oa kamwe. Aliipika kwa maziwa, polepole, uchungu ukatoka wote isipokuwa kidogo ule unaotakiwa kubaki.

Baada ya mazishi mlango ulifungwa kwa waya. Mama hajaingia hata siku moja. Akipita hapo hugeuza uso.

Jumapili, 9 Machi

Reena ameleta mchoro. Ni mzuri, nakiri. Miti imechorwa kwa juu, mviringo mviringo. Kuna kibanda cha baba, waridi za Damaris, goli la Duke upande wa gereji. Katikati kuna ukoka wa mama, mkubwa kama uwanja.

Jiko halipo. Pale lilipo ni ukoka.

Pembeni kabisa kuna kiduara cheupe. Reena aliweka kidole. "Hiki ni chako. Bado?"

"Bado," nikasema.

"Gesare, si useme tu, hata swimming pool," Duke akasema. "Hii nafasi inaenda hivi hivi."

Mama alikuwa akitazama katikati ya mchoro. "Mahali hapa pasafishwe kwanza," akasema. "Hilo jiko liondoke. Nimechoka kuliona."

Alisema hivyo, na hakuna aliyemjibu, hata baba, na lile ni jiko la mama yake. Nimemchukia mama kidogo. Nimeandika kidogo, na kidogo si kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mtihani wa Kemia. Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Mafundi wamekuja, wanne, na mkubwa wao anaitwa Angwenyi. Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo hapa kwetu kazi nzito huanza Jumapili. Walipiga vigingi, wakavuta kamba, kisha wakaenda kwenye jiko.

Nilikuwa chumbani na kitabu, lakini huwezi kusoma ukisikia mabati yakichomolewa misumari. Nikatoka. Paa likashuka. Walitoa chungu, mwiko, jiwe la kusagia wimbi, na kile kigoda. Nikachukua kigoda nikakipeleka chumbani, hakuna aliyeniuliza.

Halafu kazi ikasimama. Angwenyi alitoka ndani akifuta mikono.

"Mafiga hatugusi," alimwambia Reena.

"Ni mawe matatu tu. Ni mazito?"

"Si mazito. Ni ya mwanamke. Mafiga ya mama aliyekufa huondolewa na mke wa mwanawe, kwa mikono yake. Mimi nikiyagusa, mke wangu hatanipikia."

Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Reena akajishika kiuno. "Nimezaliwa Kisii," akasema, "lakini nimezaliwa ghorofani. Hili hakuna aliyeniambia."

Wakamwita mama. Alikuja akasimama mbali, kwenye vigae vya veranda.

"Mama Damaris, ni dakika moja tu," Angwenyi akasema. "Unayainua, unayaweka nje, sisi tunaendelea."

Mama akatazama saa yake. "Kesho," akasema.

Jumatatu, 17 Machi

Mama alichelewa kazini Nyamira. Mafiga bado.

Jumanne, 18 Machi

Mafiga bado. Mama anasema mgongo unamuuma.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya mawe. Ukuta mmoja wa jiko umeanguka wenyewe. Mama alikuwa akiosha vyombo, akauona ukianguka, sahani ikamponyoka. Akasema ni sabuni. Mafiga bado.

Ijumaa, 21 Machi

Damaris yuko nyumbani. Nilimuuliza kwa nini mama haondoi mafiga. Alisema, "Kwa sababu ataharibu kucha." Tukacheka. Baadaye nikaona kwamba mama hana kucha ndefu, hajawahi kuwa nazo.

Jumapili, 23 Machi

Reena na mafundi wamepanda waridi na kuchimba misingi ya kibanda. Kazi inazunguka jiko kama watu wanaomzunguka mgonjwa. Kuta zote sasa zimeanguka isipokuwa kipande cha mlangoni. Mawe matatu yamebaki nje, meusi, yananyeshewa. Sijawahi kuyaona yakiwa yamelowa. Yanafanana na watu walioketi wakisubiri kuitwa.

Wakati wa chai Reena alikuja kuketi karibu nami ngazini. Hakuuliza "bado." Aliniambia Ba wake, yaani nyanya yake Shobha, alikuwa na mrehani kwenye mkebe wa samli, juu ya roshani ya duka. Kwao ni mmea mtakatifu; kila asubuhi aliumwagilia na kuomba mbele yake. Alipofariki walihamia nyumba nyingine, na kila mtu alidhani mwenzake amebeba mkebe.

"Nilirudi baada ya wiki," akasema. "Mpangaji mpya alikuwa ameutupa. Siwezi kumlaumu. Ulikuwa mkebe tu."

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha Duke akapita na mpira na neno likarudi.

Jumatano, 26 Machi

Nimewaza siku nzima habari ya mkebe. Mafiga bado.

Jumamosi, 29 Machi, Sabato

Leo kimetokea kioja ambacho kitasimuliwa hapa kwetu Keroka mpaka tuzeeke.

Nyasi zilikuwa zije kesho. Reena alimpigia dereva, akamwambia Jumapili, akarudia Jumapili. Lakini dereva si mtu wa huku, akaona barabara imekauka kidogo akawahi leo. Sisi tulikuwa kanisani. Akakuta geti limefungwa, akashusha nyasi zote nje, zimekunjwa kama mikeka, akaenda zake.

Tulirudi tukiwa tumevaa vizuri na kukuta ng'ombe wa Mzee Manasseh, jirani, amesimama juu ya nyasi zetu, anakula zulia la mama taratibu kama aliyealikwa. Mama akapiga ukelele, Biblia mkononi. Mzee Manasseh akaja anakimbia na suti yake ya kanisani.

"Mzee wa kanisa!" mama akamwambia. "Ng'ombe wako anavunja Sabato kwangu!"

"Mama Damaris, nisamehe. Ng'ombe wangu hajui Sabato. Anajua nyasi."

Baba aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika. Hata mama alicheka mwishowe. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu magokoro aondoke.

Lakini Reena alipopigiwa simu hakucheka. Nyasi zikikaa zimekunjwa zitaungua zenyewe kwa joto lake. Lazima zilazwe kesho, zote. Na haziwezi kulazwa mafiga yakiwa katikati.

Mama alisikiliza, akasema, "Basi kesho asubuhi. Nimesema."

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Niliamka kulipopambazuka kwa sababu sikulala vizuri. Nilitaka kuyaona mafiga mara ya mwisho kabla watu hawajaja. Nilichukua kigoda kutoka chini ya kitanda, sijui kwa nini, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama alikuwa huko tayari.

Alikuwa amechuchumaa kwenye matope katikati ya mahali palipokuwa jiko, amevaa leso na viatu vya baba, mkono mmoja juu ya figa la kushoto. Hakuwa analiinua. Alikuwa ameliwekea mkono tu, kama unavyoshika bega la mtu.

Nilitaka kurudi. Akasema bila kugeuka, "Leta hicho kigoda. Magoti yanauma."

Nikampa. Akaketi. Mimi nikasimama.

"Unadhani siwapendi watu wa zamani," akasema.

Nikatazama viatu vya baba miguuni mwake.

"Nilipoolewa hapa sikujua kupika chinsaga. Nilisoma bweni tangu nikiwa mdogo, nikaenda chuo. Siku ya kwanza niliichemsha kama kabeji, nikamwaga maji, ikawa chungu kama dawa. Mama yenu alionja, akameza. Kesho yake akaniita hapa. Hapa nilipoketi. Hakunicheka. Ulipozaliwa wewe sikuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, alinilisha hiyo chinsaga na maziwa kwa mkono wake mpaka nikasimama. Ulikuwa hulali, alikuwa anakulaza hapa karibu na moto, mimi nasinzia kwenye ukuta."

Aliposema "mama yenu" alimaanisha magokoro. Ndivyo alivyomwita siku zote, na mimi sijawahi kusikia neno hilo likitoka na machozi ndani yake.

"Halafu nikajenga lile jiko langu," akaendelea. "Sinki niliiweka dirishani. Dirisha linatazama huku. Niliiweka makusudi, Gesare. Nikifungua pazia asubuhi nione moshi, nijue ameamka. Miaka yote hiyo. Hatukuwa watu wa kusalimiana sana, sisi wawili. Moshi ndio ulikuwa salamu."

Jogoo wa jirani akawika.

"Mpaka leo nafungua pazia natazama kama moshi umetoka. Kila asubuhi. Halafu ndipo nakumbuka. Nikasema, jiko likiondoka, nikiona nyasi, nitaacha kutazama."

Mimi muda huu wote nilidhani mama anataka kumsahau. Kumbe alikuwa amechoka kumkumbuka kila siku upya.

Nilichuchumaa karibu naye tukakaa mpaka gari la Reena likasikika.

Watu wakaja: Reena, Angwenyi na wenzake, baba na kikombe chake, Duke macho yamevimba kwa usingizi. Wakatukuta sisi wawili matopeni. Angwenyi akageuza uso kwa heshima. Baba akauliza, "Loice, kuna nini?"

"Hakuna," mama akasema. Akasimama, akakunja mikono ya sweta, akainama kushika figa.

Reena alikuwa ameshika mchoro wake. Alinitazama. "Gesare," akasema taratibu, kana kwamba tulikuwa wawili, "bado?"

Nikasema, "Nataka moshi."

Nilisema kwa sauti. Duke alisema baadaye kwamba nilipiga kelele, lakini anatia chumvi.

"Unataka nini?" baba akauliza.

"Moshi. Bustanini. Hapa. Kitu changu kimoja ni moshi."

"Mwanangu, tumeleta msanifu kutoka mjini ili tupate moshi? Wageni watasema nini, tumewaalika kukohoa?"

Mafundi wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikamtazama mama. Alikuwa bado ameinama, mikono juu ya jiwe, na alikuwa akinitazama kama mtu ambaye ameitwa kwa jina lake la utotoni.

Akanyooka. Akapangusa viganja kwenye leso.

"Angwenyi," akasema. "Hebu rudia ile mila. Nani huondoa mafiga?"

"Wewe, mama."

"Mwingine yeyote anaweza?"

"Hapana, mama."

"Na mila inasema ni lini?"

Angwenyi akafikiri. Akaanza kutabasamu. "Lini, haisemi."

"Basi nitayaondoa siku nitakayotaka," mama akasema. "Leo sitaki. Baba Damaris, chai yako inapoa."

Reena alikuwa amekwisha kung'oa vigingi. Akavizungusha upya, kamba ikachora duara kubwa kuzunguka mafiga. Akapiga goti kwenye matope, mchoro juu ya goti jingine, akafuta kile kiduara cheupe cha pembeni, akachora kingine katikati. Ukoka ukalazwa kuanzia nje ya duara. Alichokula ng'ombe kikasawazisha hesabu: vipande vilivyopungua vilikuwa karibu sawa na nafasi ya duara. Mzee Manasseh anasema huo ulikuwa mpango wa Mungu. Mama anasema ulikuwa ng'ombe.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Mvua kila alasiri. Ukoka umeshika. Baba anaukanyaga bila viatu na anadhani hatumwoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejaribu kuwasha moto kwenye mafiga. Kuni mbichi, moshi ukaenda chini chini ukaingia chumbani kwa Duke. Nimezima.

Jumanne, 22 Aprili

Nimejaribu tena. Bado. Naona aibu: nilikaa kwenye jiko lile miaka yote, na kumbe nilikuwa natazama vitabu, sikuutazama mkono wake. Najaribu kukumbuka alianza na nini. Magunzi ya mahindi. Nadhani yalikuwa magunzi.

Jumapili, 4 Mei

Ndani ya duara kumetoka majani madogo. Nilidhani magugu. Mama alitoka kutupa maji, akasimama, akainama. "Chinsaga," akasema.

Hatukupanda. Angwenyi alipokuja kukata kingo za ukoka alisema mbegu zilikuwa zimelala kwenye jivu la miaka, na mafundi walipogeuza udongo wakaziamsha. Nilimtumia Reena picha. Akajibu, "Hiyo haikuwa kwenye mchoro wangu. Iacheni."

Jumatano, 21 Mei

Magunzi makavu, nimeyaficha gereji yasinyeshewe. Mitihani inakaribia.

Jumamosi, 7 Juni, Sabato

Wageni ni kesho. Damaris amejaribu magauni matatu. Kibanda cha baba kimekwisha, amekwisha kulala humo mara mbili. Hema litawekwa upande wa waridi. Mama ametembea bustanini akigusa kila kitu. Amefika kwenye duara, chinsaga sasa inamfika kiunoni, akapita. Hakugeuza uso.

Jumapili, 8 Juni

Wageni wamekuja, wameongea, wamekubaliana, wameondoka. Damaris anaimba bafuni. Baba atasimulia hayo mwaka mzima, kwa hiyo sina haja. Ninaandika asubuhi tu.

Niliamka kabla ya wengine. Ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa na umande mzito. Nilibeba kigoda, magunzi, kuni kavu, na chungu cha magokoro nilichokiosha jana. Nikachuma chinsaga kwa kucha, ncha tu. Kisha nikapanga magunzi katikati ya mafiga na kuwasha kiberiti.

Ukashika. Moshi ulizunguka kwanza chini kama paka anayetafuta pa kulala, kisha ukapata njia, ukapanda wima, wa buluu, juu ya waridi na kibanda na goli la Duke. Nikaongeza kuni, na kuni nyingine, kwa hofu usije ukazimika.

Pazia la jikoni likafunguliwa.

Mama alisimama pale, mkono mmoja bado umeshika pazia. Vioo vilikuwa na ukungu, sikuuona uso wake vizuri. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikujua kama nimemtendea wema au ukatili. Nikabaki nimechuchumaa, mwiko mkononi, nikisubiri.

Kisha pazia likaachwa wazi na mlango wa nyuma ukalia. Akaja akikatiza ukoka wake, kwa viatu vya baba, amebeba maziwa kwenye jagi. Macho yalikuwa mekundu, na moshi ulikuwa bado haujamfikia.

Akautazama moto. Akainama, akachomoa kuni moja, akaizima kwenye jivu.

"Umejaza," akasema. "Unakwenda wapi?"

Kisha akasema, "Sogea," na nikasogea.